Profesa Koku Dogbatse, Aliyetaka Aliye Mdogo Aseme Kwanza

Profesa Elikem Koku Dogbatse alizaliwa mjini Kpando siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kwanza wa kiume, wa marehemu Mzee Theophil Dogbatse, karani wa mizani ya kakao, na marehemu Mama Afiwa, mfinyanzi wa vyungu wa kijiji cha Fesi. Kwa kuwa ilikuwa Jumatano, aliitwa Koku kabla hajatafutiwa jina la ubatizo, na nyumbani kwetu Koku ndilo lililobaki. Hilo la Elikem lilikuwa la vyeti na la mlangoni mwa ofisi.

Mimi, Akpene, ndiye niliyemfuata kuzaliwa, na nyumbani wamenipa kazi ya kusoma maisha yake.

Alikuwa na miaka tisa kuku wetu mmoja aliporaruliwa kifua na mbwa wa jirani. Koku alichukua sindano ya mama na uzi mweusi, akatuamuru wadogo zake tumshike kuku, huyu miguu, huyu mbawa. Nikapiga chafya. Kuku akaponyoka. Koku alinikimbiza mimi badala ya kumkimbiza kuku, na nilipochoka akanifikia akanitukana mpaka akaishiwa maneno. Jioni alirudi na chungwa alilokwisha kulimenya, akaniwekea mapajani bila kusema lolote, kisha akaenda uani kumtafuta mgonjwa wake. Yule kuku alishonwa, akapona, akataga miaka mingi. Wanaomjua kaka yangu watakubali kwamba alikuwa hivyo hivyo hata alipoitwa Profesa: mkono wa dhahabu, ulimi wa moto, na chungwa baadaye.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1957, akaendelea na sekondari ya wavulana hapo hapo Kpando, kisha akaingia chuo cha udaktari mjini Akra mwaka 1970. Alihitimu mwaka 1977. Miaka miwili baadaye alikwenda Uingereza kusomea upasuaji, akapata mwalimu hodari aliyekuwa na tabia ya kuwapiga wanafunzi wake vidoleni kwa koleo la chuma kila walipokosea. Koku alituandikia kwamba vidole vyake vya kushoto vimevimba lakini fundo lake sasa halifunguki. Aliona ni bei ya haki. Aliamini kwamba ndivyo mpasuaji anavyotengenezwa, na hakukuwa na mtu wa kumwambia vingine.

Alirudi Oktoba 1983, mwaka ule wa njaa na moto wa misitu, wakati madaktari wenzake walikuwa wakiondoka kwa makundi. Alisema waliagana uwanjani, wao wakipanda ndege aliyoshuka yeye. Mama alimpokea kwa kumshangaa.

"Umerudi kula nini, mwanangu?"

"Nitakula mnachokula ninyi, Mama."

"Sisi tunakula mihogo michungu."

"Basi nitengee."

Aliajiriwa katika hospitali ya rufaa yenye wanafunzi wa udaktari, ambayo kwa heshima ya waliohusika haitatajwa hapa. Miaka ile alipasua kwa mwanga wa tochi, akashona kwa uzi wa kuvulia samaki uliochemshwa, akalala kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Humu ndani leo mmekaa watu wenye makovu yake, na baadhi yenu mmeshaninong'oneza mlangoni mahali yalipo.

Mwaka 1985, Jumamosi ya baada ya Pasaka, alimwoa Bi Dzigbordi Amenuvor, mfamasia. Walijuana dirishani. Koku alimtuma muuguzi na karatasi ya dawa, karatasi ikarudishwa. Akaituma tena, ikarudishwa tena. Akashuka mwenyewe, amekunja uso.

"Dada, kuna mgonjwa anasubiri."

"Najua. Ndiyo maana nataka kusoma ulichoandika. Andika upya, Daktari. Mimi sipigi ramli."

Aliandika upya, kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Baadaye alikuwa akisema kwamba katika hospitali nzima ni yeye peke yake aliyewahi kumrudisha, na kwamba mwanamke wa namna hiyo ukimwacha akapita utajuta. Walijaliwa watoto wawili, Edem na Sitsofe. Edem alisomea madaraja na barabara. Alipoulizwa kwa nini hakufuata udaktari, alijibu mbele ya baba yake kwamba kelele za nyumbani zilimtosha.

Hapa ndipo aliponikataza nisiruke. Mwezi Agosti mwaka huu, akiwa kitandani, alinishika mkono.

"Akpene, utakaposoma, useme na ile ya mtoto."

"Kaka, mazishini?"

"Hapo hapo. Watakuwa wameketi, hawana pa kwenda."

"Watu watasema nakuchafua."

"Ukiwasomea malaika, watazika mtu wasiyemjua. Wasomee mimi."

Basi nasema. Wanafunzi walimwita Radi. Kwanza kwa siri, baadaye hata wauguzi, na mwishowe naye akajua na akalipenda jina. Katika chumba cha upasuaji alirusha mikasi. Aliwaambia vijana waliolala masaa matatu kwamba mama zao wamepoteza ada. Alimtoa mmoja nje mbele ya mgonjwa aliye macho. Na kwa sababu alikuwa hodari, na wagonjwa wake walipona, wakubwa walicheka wakasema huyo ndiye Koku. Waliopita mikononi mwake wakawa wapasuaji wazuri, na wengine wao wakaanza kurusha mikasi pia.

Msimamizi wa mafunzo wakati huo alikuwa Dkt. Mawuena Fiadzo, ambaye yupo hapa. Alikuwa mwanafunzi wa Koku aliyempenda kuliko wote. Koku ndiye aliyemfundisha kufunga fundo kwa mkono mmoja, na Jumapili Mawuena alikula akple, ugali wetu wa mahindi, nyumbani kwa Koku kama mtoto wa tatu. Mawuena ndiye aliyemfuata Koku kwanza, na vikombe viwili vya chai, akafunga mlango.

"Profesa, jana ulimrushia yule mwanafunzi wako Selasi koleo."

"Halikumpata."

"Sikuuliza kama lilimpata."

"Mawuena, mimi nilipigwa mpaka vidole vikavimba. Nimekufa?"

"Hukufa. Lakini bado unavisimulia vile vidole."

Alicheka, akanywa chai, akaahidi kujaribu. Alijaribu kwa majuma machache. Mara ya pili Mawuena hakuja na chai. Alikuja na daktari mwingine wa kushuhudia, akamwambia waziwazi kwamba jambo hili sasa limeandikwa na kwamba likirudi litafika juu. Koku alitoka akiubamiza mlango. Nyumbani alimwambia Dzigbordi, "Mtoto niliyemshika mkono ananishikia fimbo." Dzigbordi alimuuliza kama alichosema mtoto huyo ni uongo. Jumapili iliyofuata Mawuena hakuja kula.

Jumatano, tarehe 14 Juni 2006, aliletwa mtoto wa miaka mitano, Yayra, mwenye ngiri ya upande wa kulia. Mama yake, Adzo, alikuwa muuza abolo, mikate ya mahindi ya mvuke, na samaki wa kukaanga karibu na geti la hospitali, na wengi wa madaktari walikuwa wateja wake. Dkt. Selasi Kportufe, daktari mwanafunzi wa mwaka wa pili wa upasuaji, ndiye aliyempima Yayra wodini siku iliyotangulia na kumwekea alama ya wino. Alama ilifutika mtoto alipoogeshwa. Mawuena alikuwa ameweka utaratibu kwamba kabla ya kisu wote wasimame, wataje jina la mgonjwa na upande wa kukatwa. Koku aliuita utaratibu huo katekisimu, na siku zake hawakuusoma.

Alikata kushoto.

Selasi alikuwa amesimama mbele yake, upande wa pili wa meza. Alijua. Aliendelea kushika nyama zilizotakiwa kushikwa, macho yake kwenye shuka la kijani, mdomo umefungwa chini ya barakoa. Koku alitafuta ngiri asiione, akaguna, akatazama karatasi ya mgonjwa, akaona kosa lake. Kisha akashona kushoto, akakata kulia, akafanya kazi nzuri kama siku zote. Mtoto aliamka salama, akiwa na majeraha mawili.

Kesho yake Mawuena aliwaketisha wote pamoja na mama wa mtoto, akamtaka Koku aseme mwenyewe. Alisema bila kupunguza. Adzo alisikiliza, ameweka mikono juu ya aproni yenye unga. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Umekosea, Daktari. Mtu hukosea. Mimi nauliza jingine. Mlikuwa wengi humo ndani. Hakuna aliyeona?"

Selasi akainua uso. "Mimi niliona, Mama."

Koku akageuka kwenye kiti. "Uliona? Uliona ukanyamaza? Kwa nini hukusema?"

"Miezi michache iliyopita nilisema, Profesa. Kuhusu yule mzee wa kibofu. Ukanirushia koleo, ukanitoa nje. Nikaona nisiseme tena."

Yaliyofuata niliambiwa na Dkt. Mawuena. Adzo alimtazama Koku, akamtazama yule binti, kisha akasema polepole, kama mtu anayetaka kuwa na hakika kwamba ameelewa: "Kwa hiyo mwanangu amekatwa mara mbili kwa sababu huyu anakuogopa."

 

Baadhi ya wakubwa walitaka yaishe kwa samahani na matibabu ya bure. Walisema jina la Dogbatse ndilo linaloleta wagonjwa kutoka hata ng'ambo ya mto. Mawuena aliwajibu kwamba hakuna anayekataa kipaji cha mtu, ila chumba ambacho watu wote wanaogopa mtu mmoja ni chumba chenye macho mawili tu, na macho hayo yalikuwa yamekosea. Uamuzi ukatoka. Kwa mwaka mmoja Profesa Dogbatse asisimame na mwanafunzi yeyote kwenye meza ya upasuaji. Apimwe afya, ya mwili na ya akili. Na aketi kuwasikiliza wale aliowaumiza, ikiwa wao wenyewe watataka.

Alikasirika kama simba. Alikwenda kupimwa ili awaoneshe kuwa ni mzima. Daktari wa akili alimuuliza mara ya mwisho alichukua likizo lini, akakuta ni kabla Sitsofe hajazaliwa, na Sitsofe alikuwa na miaka kumi na sita. Alimuuliza analala vipi. Alimuuliza ni nani waliosalia katika wale aliosoma nao. Koku alianza kuwataja na mahali walipo, huyu London, huyu Houston, huyu amekufa, huyu amekufa, na katikati ya majina akashindwa kuendelea. Daktari yule alimwambia kwamba hayo yote ni ya kweli, ni mazito, na yatatibiwa, ila hakuna hata moja lililorusha koleo. Maneno hayo kaka yangu aliyachukia. Miaka kadhaa baadaye alikuwa akiyarudia kwa wanafunzi wake.

Akaomba ruhusa ya kuondoka kwa mwaka ule, akaenda kufanya kazi katika hospitali ndogo ya milimani, safari fupi kutoka hapa Kpando. Ilikuwa na chumba kimoja cha upasuaji na muuguzi mmoja wa meza ya upasuaji, Bwana Yawo, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Hapo ndipo kaka yangu alipoanza kuwakumbuka kwa hamu wanafunzi wake. Hakutuambia, ila mdomo wake ulimfichua. Alikuwa akipasua huku akieleza: huu hapa ndio mshipa, msiusumbue, ukiusumbua utakusumbua, sasa tazameni kidole changu kinapita wapi. Alinyoosha koleo pembeni ili mtu alipokee, na pembeni hakukuwa na mtu.

"Profesa," Bwana Yawo alimwambia siku moja, "hapa tuko mimi na mgonjwa, na mgonjwa umemlaza wewe."

"Nimezoea kusema."

"Sema tu. Mimi nakusikia. Ila ukiuliza swali unangoja jibu, na unapongoja unaniumiza roho."

Dzigbordi alikuja kukaa naye mwezi wa nne tangu aende huko. Anasema alimkuta amesimama dirishani, anawatazama wanafunzi wa uuguzi wa misheni wakipita na madaftari yao, wakicheka ovyo. Alikuwa na chakula mezani kimepoa. "Wanapiga kelele hawa," alimwambia. Dzigbordi akamuuliza kama afunge dirisha. Akasema hapana, liache.

Mwezi Februari 2007 alikwenda Anloga kumtafuta Selasi. Selasi alikuwa ameacha mafunzo, amerudi kwa baba yake, Mzee Kportufe, mkulima wa vitunguu. Mzee alikuwa shambani kwenye matuta ya mchanga, ana ndoo ya kumwagilia, na hakuitua.

"Wewe ndiye Radi?"

"Ndiye mimi, Mzee wangu."

"Binti yangu alikuwa akiimba. Akimwagilia, anaimba, akisoma, anaimba, mpaka mama yake anamwambia nyamaza tusikie redio. Tangu atoke kwenu haimbi. Umekuja kuchukua nini kilichobaki?"

"Sijaja kuchukua. Nimekuja kumwomba radhi, kama atakubali kunisikia. Asipokubali nitarudi."

Mzee alimwacha juani muda wa kutosha kumwagilia matuta mawili. Kisha akamwita binti. Selasi alikuja na nguo ya shamba, akasimama mbali kidogo. Koku alimwambia kwamba kosa la siku ile lilikuwa lake peke yake, la kisu na la ukimya, na kwamba alichomfanyia hakikuwa mafundisho. Hakutaja vidole vyake wala London wala Houston.

"Nimekusikia, Profesa," Selasi akasema. "Sitakwambia yamekwisha, kwa sababu hayajaisha."

"Sikutegemea."

"Kila nikinawa mikono naliona lile shuka la kijani. Mimi ndiye niliyekuwa nimempima yule mtoto."

"Utarudi kusoma?"

"Nikirudi sitarudi kwako. Na tafadhali usiniandikie barua kwa mtu yeyote. Nikifaulu, nifaulu bila mkono wako."

"Sawa, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Alisema sawa, Daktari. Akapanda gari. Dereva alituambia kwamba walipofika mji wa Sogakope Profesa aliomba wasimame anunue maji.

Mwaka ulipokwisha alikwenda mwenyewe ofisini kwa Mawuena. Dkt. Mawuena anasema alibisha hodi, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya katika jengo lile, akasema, "Nimekuja kuketi, kama kuna nafasi." Walikunywa chai. Aliomba arudishwe kwa masharti yoyote. Akapewa wanafunzi wawili, na mtu wa kumtazama.

Tangu siku ile, kabla ya kisu chake, watu wote walisimama na kutaja jina na upande. Kisha yeye alimgeukia aliye mdogo kuliko wote chumbani, mara nyingine mwanafunzi aliyekuja kutazama tu, akamuuliza, "Wewe unaona nini?" Hakukata mpaka yule amesema. Wa kwanza kuulizwa, Dkt. Kekeli Adomah, anakumbuka kwamba alijibu kwa hofu kuwa haoni kitu. Koku akamwambia, "Basi sogea, kisha uniambie." Akangoja.

Hakugeuka malaika. Mwaka 2009, damu ilipomwagika ghafla, alimtukana Sista wa meza kwa maneno ya zamani.  Alimaliza kuzuia damu, akamkabidhi msaidizi wake, akatoka kusimama ukutani kwenye ujia. Aliporudi alisema, "Nimemtukana Sista mbele yenu, kwa hiyo nitamwomba radhi mbele yenu." Akamwomba. Sista akamwambia, "Nimesamehe, Profesa, ila lile la mama yangu ulirudie kuliomba." Akarudia. Wanafunzi wa miaka ile waliendelea kumwita Radi, lakini walisema siku hizi inanguruma mbali, huhitaji hata kuanua nguo.

Yayra alipona. Kaka yangu alimfuatilia kila mwaka mpaka alipomaliza sekondari, na Adzo hakuacha kumuuzia abolo, ingawa kwa miaka mingi alimpa chenji bila kumtazama.

Kila Krismasi alimuuliza Dkt. Mawuena habari moja tu: "Na yule wa Anloga?" Hakutuma salamu. Alikuwa ameahidi kutoingiza mkono wake, na salamu aliihesabu kuwa mkono. Alisikia kwamba Selasi amerudi mafunzoni, Tamale, huko kaskazini. Alisikia kwamba ni hodari. Siku moja mwaka 2013 alinipigia simu nikiwa sokoni.

"Amepita."

"Nani, Kaka?"

"Amepita, Akpene. Amekuwa mpasuaji."

Nilitaka kuuliza zaidi. Alikuwa anapumua tu kwenye simu, kama mtu aliyepanda ngazi. Kisha akakata.

Juni 2017 alikwenda tena kwa Mawuena, hakuna aliyemwita. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza, wakautazama wote wawili. "Umeanza kusema peke yake," alisema. "Hakuna aliyeona bado. Nimeona mimi. Niondoe kabla sijamkata mtu." Ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka ambao wengi mmeuona ukimla kidogo kidogo, mikono kwanza, kisha hatua, kisha ile sauti. Alistaafu mwezi uliofuata. Dkt. Mawuena anasema alimsindikiza mpaka kwenye gari, na kwamba alilia yeye, wala si Profesa.

Aliishi hapa Kpando miaka sita. Alichokitamani si kisu. Alikuwa akimwomba Sitsofe ampeleke mjini, wasimamishe gari karibu na geti la hospitali, wateremshe kioo. Wanafunzi walipita na makoti yao meupe yaliyokunjamana, wanabishana, wanakula karanga. Hawakumjua. Sitsofe alimuuliza mara nyingi kama amwite mmoja wao aje amsalimie.

"Usimwite. Atasimama wima."

"Sasa tunakaa kufanya nini, Baba?"

"Wanabishana. Sikiliza tu."

Oktoba mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu. Alilazwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Siku za mwisho sauti ilikuwa imekwisha kabisa, lakini daktari kijana alipoingia na kundi lake kwenye raundi na kuanza kueleza hali ya mgonjwa kwa wakubwa, Koku alinyoosha kidole kwa taabu kuelekea nyuma ya kundi, kwa binti mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni. Wakubwa hawakuelewa. Dzigbordi akawafafanulia: "Anataka huyo aseme kwanza." Yule binti akasogea mbele, akasema kwa sauti ndogo kwamba anaona midomo ya mgonjwa imekauka, na kwamba pengine ana kiu. Akapewa maji kwa kijiko. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa za asubuhi, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, Bi Dzigbordi. Watoto wawili, Edem na Sitsofe. Mkwe, Bi Emefa. Wajukuu watatu, Delali, Senyo na Afi mdogo. Dada mmoja, anayesoma haya. Na wapwa wengi ambao hatuwezi kuwataja wote bila kuwaudhi tutakaowasahau. Ameacha Dkt. Mawuena Fiadzo, ambaye familia inamhesabu kama mtoto. Ameacha wanafunzi zaidi ya uwezo wetu wa kuhesabu.

Dkt. Selasi Kportufe alipigiwa simu na familia kupewa habari za msiba. Aliomba jina lake lisiwekwe miongoni mwa wanafunzi wa marehemu, nasi tumeheshimu. Tulidhani asingekuja. Amesafiri kutoka Tamale, amefika leo asubuhi, na tulipomwuliza apangiwe kiti wapi, alisema popote, ila akae mahali atakapoweza kusikia.

Kaka yetu alale kwa amani. Sisi tutamkumbuka.